Anthony Allison na Fumbo la Selimundu



Katika familia kadhaa za kwetu, kuanzia Mpale hadi tambarare za Korogwe na Handeni, yupo mtoto anayelia mara kwa mara kwa maumivu ya mifupa, anayevimba vidole na kupungukiwa damu. Pengine kabla hajafikishwa hospitali, lawama zimekwisha kumfikia mama yake, au jirani ameshukiwa uchawi. Kwa ajili ya familia hizo tunasimulia maisha ya Anthony Clifford Allison, mtafiti aliyekulia Afrika Mashariki na kulifumbua fumbo la ugonjwa huo, yaani selimundu.

Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akalelewa shambani huko Gilgil, katika Bonde la Ufa nchini Kenya. Alisoma Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kisha akajifunza udaktari Oxford, Uingereza. Mwaka 1949 alijiunga na msafara wa kitaalamu wa Oxford uliokwenda Mlima Kenya. Yeye alikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali, akagundua kwamba jeni ya selimundu ilikuwa nyingi kwa watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria, lakini haba kwa watu wa nyanda za juu.

Hapo palikuwa na fumbo. Mtoto aliyerithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama, zama zile alikuwa akifariki angali mdogo. Kwa nini basi jeni hiyo haikutoweka? Allison aliona kwamba imeenea palepale palipoenea malaria. Sisi tunaoishi kati ya milima ya Usambara na mabonde yake twajua jinsi mbu wanavyozidi kadiri mtu anavyoshuka.

Mwaka 1953 alirudi kuthibitisha wazo lake. Huko Uganda alipima watoto 290. Kati ya 43 waliokuwa na jeni moja ya selimundu, 12 walikutwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasio nayo, 113 walikutwa navyo. Aliwaambukiza pia malaria wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea. Kati ya 15 wenye jeni hiyo, 2 tu walipata vimelea. Kati ya 15 wasio nayo, walipata 14. Mwaka 1954 alichapisha matokeo yake: jeni moja humkinga mtoto dhidi ya malaria kali, ingawa mbili humletea ugonjwa.

Hatuwezi kupita jaribio hilo la mwisho bila kutafakari. Maarifa yale yameokoa wengi, lakini kumwambukiza mtu mzima wa afya ni jambo zito. Mwanadamu si chombo cha utafiti. Ridhaa yake na usalama wake hutangulia faida ya elimu.

Baadaye Allison aliongoza maabara ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya mifugo jijini Nairobi. Huko Marekani, pamoja na mkewe Elsie Eugui, alishiriki kutengeneza dawa inayouzuia mwili kukataa figo au kiungo kingine kilichopandikizwa. Alifariki California mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 88.

Wapendwa, tunajifunza nini? Katika sura ya tisa ya Injili ya Yohane, wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu wakatafuta mwenye dhambi, na Bwana akakataa lawama hiyo. Elimu ya jeni nayo inakataa kumlaumu mama peke yake. Mtoto mwenye selimundu amepokea jeni moja kwa kila mzazi, na wazazi hao yaelekea wana afya njema. Wakiwa wote wawili na jeni moja moja, katika kila mimba uwezekano wa mtoto kuugua ni mmoja kati ya minne. Tena jeni hiyo imedumu kwetu kwa sababu iliwakinga wahenga wetu.

Tunawasihi wachumba wapime damu mapema, wakapate ushauri wa daktari na wa padre wao. Tunawasihi wazazi wampeleke mtoto kliniki bila kuchelewa. Na anayemnyoshea mama kidole, aushushe mkono huo, amsaidie kumbeba mtoto.