Henri wa 4 na amri ya Nantes

Katika masomo ya historia wengi wetu tunamjua Henri wa 4, mfalme wa Ufaransa, juu ya kuku tu: yule kuku wa Jumapili ambaye, wanasema, alitaka kila mkulima ampike katika chungu chake. Kuna kazi yake ingine, kubwa kuliko kuku. Ni namna alivyomaliza vita ya dini, na namna inchi ilivyotawalwa kiisha vita ile.

Alizaliwa Pau, kusini mwa Ufaransa, tarehe 13 desemba 1553. Mama yake, Jeanne d'Albret, malkia wa Navarre, alimlea katika imani ya Kiprotestanti. Vita kati ya Wakatolika na Waprotestanti ilianza 1562, Henri akiwa na miaka 8. Tarehe 18 agosti 1572 alimwoa Marguerite, dada ya mfalme Charles wa 9. Ndoa ile ilikuwa ya kupatanisha pande mbili. Siku 6 nyuma yake, Waprotestanti wa Paris pamoja na wageni wa arusi waliuawa, maelfu ya watu. Henri aliachiwa uhai, lakini sherti aikane dini yake. Alikaa kwa mfalme kama mfungwa mpaka 1576, akatoroka, akarudia Uprotestanti.

Tusidhani kwamba miaka ile hawakuandika mapatano. Waliandika mengi! Amboise 1563, Saint-Germain 1570, Beaulieu 1576, na ingine tena. Kila mara wakubwa walitia sahihi, kiisha vita ikarudi. Karatasi ilisema Waprotestanti wasali pale na pale, lakini gavana akiwafukuza, wamshitaki kwa nani? Mara nyingi mwamuzi ni adui yao, na askari ni wa gavana yule yule.

Mwaka 1589 mfalme Henri wa 3 aliuawa bila kuacha mtoto, na ufalme ukamfikia Henri wetu. Chama cha Ligue kilikataa mfalme Mprotestanti, na Paris ikafunga milango. Alishinda vita kule Ivry 1590, lakini Paris haikufunguka. Basi tarehe 25 julai 1593, kule Saint-Denis, aliingia kanisa Katolika. Jambo hili linatuumiza sisi Waprotestanti, na watu wanalibishania hata leo. Mimi siwezi kusoma moyo wake. Naona tu kwamba mwezi wa tatu 1594 aliingia Paris, na wakubwa wa Ligue wakarudi kwake mmoja mmoja, wengi kwa kupewa feza na vyeo. Sehemu ya amani ile ilinunuliwa, tusifiche.

Sasa waliobaki na woga ni Waprotestanti, wenzake wa zamani. Kwa ajili yao alitoa amri ya Nantes, mwezi wa nne 1598, yenye vifungu 92 na vingine 56 vya siri. Ilikataza watu kushitakiana juu ya mambo ya vita, hata kuyakumbushana kwa matusi. Lakini si yote yaliyosamehewa. Kushika wanawake kwa nguvu, kuchoma, kuua kwa kuvizia ili kulipa kisasi, hayo yalibaki ya kuhukumiwa. Sisi wa inchi hii tunaelewa upesi sababu gani waliyaandika.

Haikuwa haki sawa kabisa. Kusali Kiprotestanti ndani ya Paris kulikatazwa, na Mprotestanti aliendelea kulipa fungu la kumi kwa kanisa Katolika. Lakini aliweza kupata kazi ya serkali, na mtoto wake kuingia shule na mgonjwa wake hospitali bila ubaguzi. Tena, na hapa ndipo naona akili ya mfalme, walitengeneza vyumba maalum vya tribinali. Kule Castres, Bordeaux na Grenoble waamuzi walikuwa nusu Wakatolika, nusu Waprotestanti. Makomiseri walitumwa majimboni wawili wawili, mmoja wa kila dini, kuangalia kama amri inafuatwa. Mahakama kubwa ya Paris ilikataa kuiandika amri katika vitabu vyake. Mfalme aliwaita Louvre mwezi wa pili 1599 akawaonya kwa ukali, ndipo wakakubali. Rouen ilikawia mpaka 1609.

Kulikuwa vilevile karatasi mbili za pembeni, zenye sahihi ya mfalme peke yake, ambazo hazikupita mahakamani. Hizo ziliwapa Waprotestanti feza ya wachungaji, ecu 45.000 kwa mwaka, na ngome zenye askari wao kwa miaka 8, pamoja na ecu 180.000 kwa mwaka za kuwalipa. Ahadi ya namna hii inasimama kwa mapenzi ya mfalme tu.

Tarehe 14 mei 1610 Ravaillac alimchoma Henri kisu ndani ya gari lake la farasi, katika njia nyembamba ya Paris. Louis wa 13, mtoto wake, alikuwa na miaka 8 tu. Vita ikarudi 1621. La Rochelle ilianguka 1628 kwa njaa, na mwaka uliofuata, kwa mapatano ya Alès, Waprotestanti walinyanganywa ngome zao, lakini ibada na vyumba vya tribinali vikabaki, na wakaishi navyo miaka mingi.

Louis wa 14, mjukuu wa Henri, hakuanza kwa kufuta amri. Alianza na tribinali: chumba cha Paris alikifunga 1669, vile vya nusu kwa nusu 1679. Amri yenyewe aliifuta mwezi wa kumi 1685, na wachungaji waliokataa kugeuka Wakatolika wakapewa siku 15 za kutoka inchini.