PANDITA RAMABAI, MAMA WA WASICHANA WALIOTUPWA

Ramabai alikuwa mama mmoja wa Uhindi. Alizaliwa mwaka wa 1858. Baba yake, mwalimu wa dini ya Kihindu, alimfundisha bibi yake Kisanskriti, na mama akamfundisha Ramabai. Watu walikasirika sana, juu wakati ule walisema mwanamke hafai kusoma lugha ya vitabu vitakatifu.

Katika miaka ya 1870 njaa kali iliingia. Baba akakufa, mama akakufa, dada naye akakufa. Ramabai akabaki na kaka yake tu. Wakaikimbia njaa kwa miguu, mji kwa mji, bila pa kulala. Mwaka wa 1878 wakafika Calcutta. Kule wenye elimu walimpima, wakashangaa, wakamupa jina la Pandita, ni kusema mwenye hekima.

Aliolewa mwaka wa 1880, lakini mwaka wa 1882 bwana yake akakufa, akamwachia mtoto msichana. Mateso ya wajane aliyaona karibu. Wasichana wadogo sana walikuwa wanaozeshwa; bwana akikufa, mtoto yule ananyolewa kichwa, anaitwa mkosi, anakuwa kama mtumwa wa nyumba.

Mwaka wa 1883 alibatizwa kule Uingereza. Mwaka wa 1889 akafungua shule ya wajane katika Bombay. Kwanza Wahindu wakubwa walimsaidia. Lakini mwaka wa 1893, walipoona wasichana wamoja wanapenda habari za Yesu, wakajitoa, na wazazi wakaondoa watoto wao. Ramabai hakufunga mlango.

Njaa iliporudi mwaka wa 1896, yeye aliijua. Akaenda kuokota wasichana, mamia kwa mamia, akawapeleka Kedgaon, kwenye misioni aliyoiita Mukti, maana yake wokovu. Kufika mwaka wa 1900 walikuwa karibu 2,000. Walisoma, walilima, walifuma nguo, walichapa vitabu. Yeye mwenyewe akatafsiri Biblia nzima katika Kimarathi. Alikufa tarehe 5 Aprili 1922. Misioni yake ingali inafanya kazi.

Kama baba yake angalisikiliza maneno ya watu, wale 2,000 wangalikimbilia kwa nani? Ndugu wavulana, siku mukisikia nyumbani kwamba franka zinatosha kwa kaka tu, na dada aache masomo, tunawaomba musinyamaze.