Ben R. Mtobwa: Mwandishi na Mchapishaji wa Riwaya za Upelelezi

Mtahiniwa, katika mada ya riwaya unakutana na istilahi "riwaya pendwa". Wengi huikariri maana yake bila kumfahamu mwandishi hata mmoja wa riwaya hizo. Maisha ya Mtobwa yatakusaidia kuielewa, na kupima dai kwamba riwaya hizo ni za kupitishia muda tu.

1. Kuzaliwa na waliomtangulia

Mtobwa alizaliwa mwaka 1958 huko Kasulu, mkoani Kigoma. Zingatia jambo hili: mtu aliyelichora jiji la Dar es Salaam kwa kalamu hakuzaliwa humo. Alitoka bara, kama wewe unayesoma Mvumi.

Njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Faraji Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo mwaka 1965, kisha Elvis Musiba akamleta mpelelezi Willy Gamba.

2. Uandishi wake

Katika miaka ya 1980 Mtobwa alimuumba Joram Kiango, mpelelezi wa kujitegemea ambaye hushirikiana na mpenzi wake, Nuru. Muundo wake ni ule unaoufahamu: uhalifu hutokea, dalili hufuatwa, taharuki hupanda, mhalifu hufichuliwa. Lakini tazama pia maudhui:

(a) Tutarudi na Roho Zetu? inahusu mapambano dhidi ya njama za Makaburu wa Afrika Kusini. Jambo hili si geni mkoani Dodoma. Kongwa palikuwa na kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika tangu miaka ya 1960.

(b) Zawadi ya Ushindi inatumia Vita vya Kagera vya 1978–1979 kama usuli wake.

(c) Dar es Salaam Usiku inaonyesha ukahaba, utajiri na ufukara wa jijini. Baadaye ilitolewa pia kwa Kiingereza.

3. Uchapishaji

Usichanganye mchapaji na mchapishaji. Mchapaji hupiga chapa. Mchapishaji huchagua muswada, huuhariri, huugharimia na kuusambaza.

East African Literature Bureau ilikuwa chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977. Baada ya Vita vya Kagera fedha za kigeni zilikuwa haba, na karatasi zikawa adimu. Katika hali hiyo waandishi kadhaa waliamua kujichapishia. Mtobwa naye aliendesha kampuni ya Heko Publishers jijini Dar es Salaam.

Faida ya uamuzi huo ni kwamba mwandishi hasubiri ridhaa ya mtu. Hasara yake ni kwamba kitabu kisipouzika, anayeumia ni yeye mwenyewe.

Mtobwa alifariki Novemba 2008, akiwa na umri wa miaka 50.

4. Tathmini

Wahakiki huzilaumu riwaya pendwa kwa mambo matatu: wahusika wasiobadilika, sadfa nyingi, na kutegemea mapenzi na umwagaji damu. Usizipuuze hoja hizi, zina uzito.

Kwa upande wa pili, msomaji aliyenunua kitabu cha Joram Kiango hakulazimishwa na mtihani. Alitoa fedha zake ili asome Kiswahili. Tena, riwaya iliyogusa ubaguzi wa rangi, vita na ufukara haiwezi kuitwa tupu. Jibu zuri halisemi "pendwa ni mbaya" wala "pendwa ni nzuri". Huitazama kazi yenyewe na kuuliza: je, uhalifu huu unatufunulia nini kuhusu jamii?

Tahadhari: swali la uhakiki wa riwaya hujibiwa kwa vitabu vilivyoorodheshwa kwenye karatasi ya mtihani. Ukiandika juu ya Joram Kiango pale, utapoteza alama. Mtumie Mtobwa kama mfano katika aina za riwaya, au unapoeleza mchango wa uchapishaji katika kukuza Kiswahili baada ya uhuru.

Maswali ya kujipima

1. Tofautisha mchapaji na mchapishaji.
2. Eleza sababu mbili zilizofanya uchapishaji uwe mgumu Tanzania katika miaka ya 1980.
3. "Riwaya pendwa haina funzo kwa jamii." Jadili.