Askofu Aliyejua Kuachia

Jina la Bagamoyo yetu hapa Tukuyu hutukumbusha kubwaga moyo. Askofu Alfred Tucker alifika Uganda mwaka 1890, akakuta Kanisa changa. Hakulishika peke yake: mwaka 1893 aliwaweka Waganda kuwa mashemasi, na mwaka 1896 makasisi. Mwaka 1897 aliwataka wamisionari nao wawe chini ya Sinodi pamoja na wenyeji. Wengi walikataa, wakiogopa kutawaliwa na wanafunzi wao. Alivumilia, katiba ikapatikana mwaka 1909, ingawa si yote aliyoyataka. Alistaafu mwaka 1911, akafa mwaka 1914, na Kanisa likaendelea. Nasi wazazi, tunaowachunga hata watoto waliokwisha kukua, tuwaachie. Hofu yetu haiwalindi. Hutunyima usingizi tu. Tuwakabidhi kwa Mungu, tupumzike.