Joginder Singh: Bingwa wa Safari aliyeshinda kwa gari lililotumika

KWA kijana wa Moshi anayetamani pikipiki ya mbio, bei ya mpya mara nyingi haishikiki. Hununua iliyotumika, na aghalabu huvutwa na rangi inayong'aa na mlio wa injini. Barabara za kupanda Kibosho, Machame na Marangu ndizo humfunulia ukweli baadaye: breki zilizochoka, cheni iliyolegea, au fremu iliyowahi kupinda katika ajali.

Historia ya michezo ya Afrika Mashariki ina mtu ambaye maisha yake ni somo kwa mnunuzi huyo. Ni Joginder Singh, dereva wa mbio za magari aliyefariki dunia jijini London Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81.

Joginder alizaliwa Kericho, Kenya, Februari 9, 1932. Baba yake, Singasinga aliyehamia kutoka Punjab, alikuwa fundi wa magari. Kijana huyo alishika spana kabla ya kushika usukani, akafanya kazi katika gereji, kisha akawa askari wa kwanza wa doria wa chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, akiwasaidia madereva walioharibikiwa njiani. Kwa kazi hizo alijifunza sehemu zipi za gari huvunjika kwanza, na kwa sababu gani.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliingia katika mbio za Safari. Mbio hizo zilianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, zikapita katika ardhi ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Zilipohamishiwa siku za Pasaka ziliangukia msimu wa masika, wakati ambapo vumbi hugeuka tope kwa saa chache. Mwaka 1963 magari 84 yalianza; yaliyofika mwisho ni saba tu.

Mwaka 1965 Joginder na mdogo wake, Jaswant, walijitokeza na Volvo PV544. Gari hilo halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha kukimbizwa na timu ya kiwanda cha Sweden, kisha likauzwa. Hata umbo lake lilikuwa la kizamani, kwani lilibuniwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Washindani wao walikuwamo madereva wenye magari mapya na msaada wa viwanda vikubwa.

Ndugu hao walishinda kwa tofauti kubwa ya muda, na Joginder akawa dereva wa kwanza wa asili ya Asia kutwaa taji hilo. Chombo ambacho wenyewe waliona kimemaliza kazi kilikuwa kimeangukia mikononi mwa watu walioweza kukisoma, kukirekebisha na kukihurumia kilipohitaji kuhurumiwa.

Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976, mara zote mbili akiwa na Mitsubishi Lancer na msoma ramani David Doig. Akawa mtu wa kwanza kutwaa Safari mara tatu. Mashabiki walimwita Singasinga Arukaye, lakini sifa iliyomfikisha mwisho wa safari ngumu ilikuwa uangalifu kuliko mwendo.

Ushindi wa 1965 hauhalalishi kununua kila kilichochakaa. Joginder alikuwa fundi. Asiye fundi hana budi kwenda na fundi anayemwamini, akaguliwe fremu, shokapu, breki na matairi kabla ya fedha kutoka mfukoni. Namba za injini na fremu zilingane na kadi ya usajili, na umiliki uhamishwe katika Mamlaka ya Mapato.

Pikipiki ya mbio iliyofichwa kasoro haimpi mwenye nayo muda wa kujuta inapoteremka kutoka Marangu wakati wa masika.