Mzee wa noti ya dola 100 aliyeionyesha radi njia ya ardhini

WAFANYABIASHARA wa mpakani wanaijua sura yake kuliko jina lake. Ni yule mzee mwenye nywele ndefu kwenye noti ya dola 100 ya Marekani. Wengi hudhani alikuwa rais. Benjamin Franklin hakuwahi kuwa rais. Alikuwa mchapaji na mwanasiasa, na ndiye aliyeonyesha jinsi ya kuikinga nyumba na radi.

Alizaliwa Januari 17, 1706 mjini Boston, mtoto wa 15 kati ya 17 wa baba aliyetengeneza mishumaa na sabuni. Shule aliiacha akiwa na miaka 10. Akawekwa kwa kaka yake kujifunza uchapaji, wakagombana, na mwaka 1723 akatorokea Philadelphia. Kufikia mwaka 1748 biashara ilikuwa imemtajirisha kiasi cha kumwachia mshirika wake kazi. Yeye akageukia umeme, ambao siku zile ulikuwa mchezo wa kuburudisha wageni.

Mwaka 1750 alipendekeza jaribio la kuthibitisha kwamba radi ni umeme. Wafaransa walilifanya kabla yake, Mei 1752. Hadithi ya tiara aliyorusha kwenye wingu la mvua mwaka huohuo inasimuliwa sana, lakini kilichookoa watu ni maelekezo aliyoyachapa katika kitabu chake cha kalenda ya mwaka 1753: fimbo ya chuma ipite paa kwa futi sita hadi nane, na mwisho wake wa chini uzame futi tatu au nne kwenye udongo wenye unyevu.

Watu waliitazama ncha ya juu, kumbe kazi iko chini. Agosti 1753, mjini St. Petersburg, Profesa Georg Richmann alikuwa ameleta fimbo ya namna hiyo kutoka paani hadi kwenye kipimo chake ndani ya nyumba, bila kuiunganisha na ardhi. Radi ilipokosa njia ilimrukia yeye kichwani. Alikufa papo hapo.

Kwetu si habari ya mbali. Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi Runyanya, Uganda. Na wanaorudi nyumbani sasa wanajenga na kufunga mageti ya mota, ambayo radi huyafikia hata ikipiga mti wa jirani, kwa kupitia waya mrefu uliofukiwa kutoka nyumbani hadi getini. Bodi ya mota ndiyo huungua kwanza.

Anayenunua mota ng'ambo ya mpaka aulize kama kinga ya radi imo ndani ya sanduku. Kinga hiyo hufungwa kwenye waya wa umeme unaoingia kwenye mota, na nyingine kwenye waya wa kengele na kamera, ili umeme uliozidi uende kwenye ethi. Pasipo ethi ni pambo tu. Waya wa ethi uwe mfupi na usizungushwe, na ethi ya geti iunganishwe na ya nyumba. Zikiachwa mbalimbali, radi hutafuta njia kutoka moja hadi nyingine kwa kupitia bodi. Hata hivyo, hakuna kinga ndogo itakayoikoa mota iliyopigwa moja kwa moja.

Franklin hakuomba hataza kwa fimbo yake. Alitia saini tangazo la uhuru wa Marekani mwaka 1776, kisha akakaa Ufaransa kama mjumbe hadi mwaka 1785. Aliwahi kumiliki watumwa, doa ambalo wasifu mwingi hulipita haraka. Mwaka 1787 akawa rais wa chama cha kupinga utumwa cha Pennsylvania.

Baada ya kurudi kwake kutoka Ufaransa, mafundi walikuwa wakitengeneza nyumba yake ya Philadelphia. Waliposhusha fimbo ya paani, ncha yake ya shaba ilikutwa imeyeyuka. Radi ilikuwa imepiga mwenyewe akiwa ng'ambo, na nyumba haikudhurika. Alifia mjini humo Aprili 17, 1790, akiwa na miaka 84.