Khabari za Sukrat, Mtu Aliyekataa

Ndugu zangu, vijana wa hapa Bweri, upande wa Musoma, wameniomba niwaandikie khabari za Sukrat Myunani, ambaye Wazungu humwita Socrates. Asistaajabu mtu kwamba twasomeshana khabari za aliyekuwako karibu miaka elfu kabla ya Mtume. Al-Kindi wa Baghdad alizikusanya khabari zake, na tabibu Abu Bakr al-Razi alimwita imamu wake.

Alizaliwa Athens yapata mwaka 469 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Baba yake alikuwa mchonga mawe, na mama yake mkunga. Alikwenda miguu mitupu, wala hakuandika kitabu. Tuyajuayo tumeyapata kwa wengine, khasa wanafunzi wake Aflatuni na Xenophon. Kazi yake ilikuwa kuuliza. Akimkuta sokoni mtu ajidaiye kuujua uadilifu, humwuliza uadilifu ni nini, hata ikadhihiri kwamba hajui. Vijana wakampenda, wakubwa wakamchukia.

Vitani alipigana kama wenziwe, na ushujaa wa mkuki wengi wanao. Wake mwingine ni adimu. Mwaka 406 maamiri wa Athens walishinda vita vya baharini, lakini tufani iliwazuia kuwaokoa mabaharia waliozama. Watu wakaghadhibika, wakataka maamiri wahukumiwe wote pamoja kwa kura moja, kinyume cha sharia. Siku hiyo Sukrat alikuwa miongoni mwa wasimamizi wa baraza. Wenziwe walipotishwa walikubali. Yeye peke yake akakataa. Maamiri sita wakauawa vivyo hivyo.

Kisha mji ukatawaliwa na madhalimu thelathini. Wakamwamuru yeye na wengine wanne waende Salamis wamlete Leon, mtu asiye na kosa, apate kuuawa. Wanne wakenda. Sukrat akarejea nyumbani kwake.

Hapa niliiweka kalamu chini. Nalipata kuketi barazani ikigawanywa mirathi ya mayatima pasipo haki, nami hesabu naijua; nikanyamaza kwa kumstahi mkubwa aliyekuwapo. Sikula kitu chao. Na wale wanne, yamkini nao walijiambia kwamba wametumwa tu.

Mwaka 399 alishtakiwa kwamba haamini miungu ya mji na kwamba anawapotosha vijana. Mahkama ilikuwa ya watu yapata 500. Desturi ilikuwa mshtakiwa kulia na kuwaleta wanawe ahurumiwe, hakufanya. Lau watu 30 tu wangaligeuza kura zao, angaliachiliwa.

Gerezani rafiki yake Crito alimjia alfajiri, fedha tayari, na njia ya kutoroka imekwisha tengezwa. Akakataa pia. Wako waonao kwamba amejipinga mwenyewe: aliwaasi madhalimu, mbona aitii mahkama iliyomdhulumu? Lakini madhalimu walimtaka atende dhulma, na mahkama ilimtaka aipokee, na kwake yeye hayo mawili hayakuwa sawa.

Wala hakujiua, sumu ile ndiyo iliyokuwa hukumu. Jioni alioga mwenyewe ili wanawake wasipate taabu ya kuuosha mwili wake, akaagana na wanawe watatu, akakipokea kikombe. Umri wake ulikuwa yapata miaka 70. Waliolia ni rafiki zake, naye akawakemea.